Metali Udongoni, Kazi Ndani ya Mmea: Historia ya Swali Lililochelewa katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia mbili ambazo kwa kawaida huandikwa mbalimbali: historia ya maarifa kuhusu athari za ioni za metali katika utendaji wa vimeng'enya vya mimea, na historia ya uchimbaji wa dhahabu katika ukanda wa Shinyanga na Geita. Hoja yake kuu ni kwamba uchunguzi wa mazingira katika ukanda huo umeuchukulia mmea zaidi kama njia ya sumu kumfikia binadamu, na si kama kiumbe ambacho kazi zake za ndani zinaweza kuvurugwa. Kwa sababu hiyo, kilichopimwa zaidi ni wingi wa metali, hasa zebaki, huku swali la kile ambacho metali hizo zinafanya ndani ya mzizi na jani likibaki nyuma. Insha inaonesha kwamba misingi ya kulijibu swali hilo ilikwishawekwa kabla ya mwaka 1990, na kwamba kuenea kwa uchenjuaji wa marudio kwa sianidi kumelifanya swali hilo kuwa la dharura.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1897 mwanakemia Mfaransa Gabriel Bertrand alitangaza kwamba kimeng'enya kilichomo katika utomvu wa mti wa laki wa Asia ya Mashariki hakiwezi kufanya kazi bila metali. Katika muongo huohuo, Wajerumani waliokuwa wakichunguza ardhi kusini mwa Ziwa Viktoria waliripoti kuwapo kwa dhahabu katika eneo ambalo leo ni Geita. Matukio hayo mawili hayakuhusiana. Bertrand alishughulika na utomvu ndani ya maabara. Watafutaji wa dhahabu walishughulika na miamba. Hata hivyo, kila moja lilianzisha mkondo wa historia, na mikondo hiyo inakutana mahali pamoja: katika mizizi ya mihogo, mahindi na mpunga inayolimwa jirani na migodi na mialo ya kuoshea dhahabu.

Kukutana huko hakujachunguzwa vya kutosha. Maandishi kuhusu ukanda wa dhahabu yamejadili kwa kina umiliki wa ardhi, sheria za madini, maisha ya wachimbaji wadogo na athari za zebaki katika afya ya binadamu. Mmea hutokea katika maandishi hayo, lakini mara nyingi hutokea kama chakula. Swali linaloulizwa ni iwapo mchele au mboga ina metali kiasi cha kumdhuru mlaji. Swali hilo ni la lazima. Pamoja na hayo, jibu lake halitoshi kumweleza mkulima kwa nini shamba lililokuwa likimpa magunia ya kutosha sasa linatoa machache, wala halimwezeshi kutofautisha madhara ya ukame, uchovu wa ardhi na metali.

2.0 Chimbuko la Maarifa: Kutoka Bertrand hadi Mwaka 1987

Bertrand alichoma sampuli za kimeng'enya chake, akachunguza majivu na kukuta manganizi. Alihitimisha kwamba manganizi ndiyo metali inayokiwezesha kimeng'enya hicho. Wazo lake la jumla lilikuwa sahihi, yaani vimeng'enya fulani huhitaji metali. Metali aliyoitaja haikuwa sahihi. Mwaka 1939 David Keilin na Thaddeus Mann, wakiwa Cambridge, walionesha kwamba kimeng'enya cha mti wa laki ni protini yenye shaba. Kosa la Bertrand lina fundisho la kimbinu ambalo litarejelewa katika insha hii: kuipata metali katika majivu ya mmea ni jambo moja, na kujua kazi inayofanywa na metali hiyo ni jambo jingine.

Hatua ya pili ilikuwa mwaka 1926. Katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, James Sumner alitengeneza fuwele za ureasi kutoka katika aina ya maharage makubwa meupe, na hivyo kuonesha kwamba kimeng'enya kinaweza kuwa protini safi. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1946. Ureasi huvunja urea, ambayo ndiyo mbolea inayonunuliwa na wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa, na kuifanya kuwa amonia inayoweza kutumika. Kwa karibu miaka 50 kimeng'enya hicho kilifahamika kama protini tupu. Mwaka 1975 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walibaini kwamba ndani yake mna nikeli. Mwaka 1987 ikathibitishwa kwa shayiri kwamba nikeli ni hitaji la lazima la mimea ya juu. Metali iliyokuwa ikihesabiwa miongoni mwa sumu ikaingizwa katika orodha ya virutubisho.

Kati ya hatua hizo mbili, orodha ya metali za lazima iliendelea kukua. Mwaka huohuo wa 1926, Anna Sommer na Charles Lipman wa California walithibitisha umuhimu wa zinki kwa mimea, alizeti ikiwa mojawapo ya mimea waliyoitumia. Mwaka 1940 Keilin na Mann walionesha kwamba zinki imo ndani ya kimeng'enya cha damu kinachoharakisha mabadiliko ya kaboni dioksaidi. Kimeng'enya cha aina hiyo kimo pia katika majani. Kufikia katikati ya karne ya 20 ilikuwa wazi kwamba magnesiamu, manganizi, chuma, shaba, zinki na molibdenamu hushiriki moja kwa moja katika usanisinuru, upumuaji na matumizi ya naitrojeni.

Ni maarifa hayo ya utendaji yanayofafanua namna metali zinavyodhuru. Ioni ngeni inaweza kuidhuru kazi ya kimeng'enya kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni kushika sehemu ya protini inayopaswa kuwa huru. Zebaki hupenda mno kushikamana na salfa. Jina la kale la kemikali zenye makundi ya salfa na haidrojeni, lililotolewa na Mdenishi William Zeise katika miaka ya 1830, lilitokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kuikamata zebaki. Vimeng'enya vingi vina makundi hayo mahali pa kazi. Ioni ya zebaki ikijishika hapo, umbo la kimeng'enya hubadilika na kazi husimama. Ureasi huathiriwa hivyo, na vilevile kimeng'enya kimojawapo cha hatua za mwanzo za kutengeneza umbijani. Ndiyo maana jani lenye zebaki au risasi nyingi linaweza kupauka hata pale naitrojeni inapopatikana.

Njia ya pili ni kuchukua nafasi ya metali halali. Kadmiamu ina tabia za kikemia zinazokaribiana na zinki. Inaweza kuketi mahali pa zinki, na kimeng'enya kikabaki na metali isiyoweza kazi. Shaba ni mfano wenye pande mbili. Mmea usio nayo hudhoofika. Mmea wenye kiasi cha wastani hustawi. Mmea uliozidiwa nayo huharibika, kwa kuwa ioni za ziada huchochea kemikali kali za oksijeni zinazounguza utando wa seli. Kwa mantiki hiyo, hakuna mstari mmoja unaotenganisha metali nzuri na metali mbaya. Kinachoamua ni aina ya ioni, wingi wake katika maji ya udongo na mahali inapofika ndani ya mmea.

Mmea nao hujitetea. Mwaka 1985 Erwin Grill, Ernst-Ludwig Winnacker na Meinhart Zenk, wakiwa Munich, walieleza minyororo mifupi ya asidi amino, yenye salfa nyingi, ambayo mimea huitengeneza ili kuzifunga ioni za kadmiamu na metali nyingine kisha kuzihifadhi mbali na vimeng'enya. Kimeng'enya kinachotengeneza minyororo hiyo huamshwa na ioni zenyewe. Ulinzi huo hufanyika kwa sehemu kubwa mizizini, na ni sababu mojawapo ya zebaki na risasi nyingi kubaki katika mizizi bila kupanda hadi kwenye punje. Jambo hili ni muhimu kwa hoja ya insha: punje safi inaweza kutoka katika mmea ambao mizizi yake imelipa gharama kubwa.

3.0 Ardhi Yenyewe: Luseni, Itogolo na Mbuga

Ioni haiwezi kumfikia mmea bila kupitia udongo, na udongo wa Usukuma ulikuwa na elimu yake kabla ya wanasayansi kufika. Wakulima wa Kisukuma walitofautisha luseni, udongo wa kichanga wa sehemu za juu; itogolo, udongo mgumu wa chini ya mteremko; na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni. Kila mmoja ulikuwa na mazao yake na wakati wake wa kulimwa.

Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, alipendekeza mwaka 1935 kwamba aina za udongo wa Afrika ya Mashariki zisomwe kama mnyororo unaojirudia kutoka kilele hadi bonde, kila pingili ikiathiriwa na maji na chembe zinazotoka juu yake. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika kuukagua udongo. Taarifa ya safari hiyo ilichapishwa mwaka 1947, miaka mitano baada ya kifo chake. Dhana yake ililingana na kile ambacho majina ya Kisukuma yalikwishakieleza kwa muda mrefu.

Kwa historia ya metali, mnyororo huo una maana mahususi. Luseni ina uwezo mdogo wa kushikilia ioni, kwa hiyo metali iliyomwagwa juu ya mteremko husafiri na mvua. Mbuga, yenye mfinyanzi mwingi, huzishika. Aidha, miamba yenye dhahabu katika ukanda huu huambatana na sulfaidi za chuma. Mwamba ukisagwa na kuachwa wazi, sulfaidi hukutana na hewa na maji na kuzalisha asidi ya salfa, na asidi hiyo huziyeyusha metali ambazo zingebaki zimefungwa ndani ya jiwe. Mashamba mawili yenye wingi uleule wa shaba yanaweza basi kuwa na hali tofauti kabisa kwa mmea: moja likiwa na shaba iliyofungwa, jingine likiwa na ioni huru.

4.0 Vipindi vya Dhahabu na Ioni Zake

Historia ya uchimbaji katika ukanda huu inaweza kugawanywa katika vipindi vitatu. Kipindi cha kwanza ni cha mgodi wa kikoloni wa Geita, uliokua katika miaka ya 1930, ukawa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Afrika ya Mashariki, na kufungwa mwaka 1966. Kipindi cha pili kilianza katika miaka ya 1980, pale masharti ya biashara ya madini yalipolegezwa na maelfu ya wachimbaji wadogo wakamiminika Rwamagasa, Nyarugusu, Mgusu, Kakola na kwingineko. Kipindi cha tatu ni cha kurejea kwa migodi mikubwa baada ya Sheria ya Madini ya 1998: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Wachimbaji wadogo hawakutoweka katika kipindi hicho. Waliendelea pembeni mwa migodi hiyo.

Kila kipindi kiliacha mchanganyiko wake wa metali. Mgodi mkubwa husaga mwamba mwingi na kuweka mabaki katika mabwawa. Athari yake hutegemea sulfaidi, asidi na metali zilizomo mwambani, kwa mfano shaba, ambayo Bulyanhulu huizalisha pamoja na dhahabu. Mchimbaji mdogo husaga mbale kwa karasha, huiosha, kisha huchanganya zebaki na mchanga mzito uliobaki ili ishike dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, mara nyingi katika moto wa wazi. Sehemu ya zebaki hubaki katika marudio; sehemu hupaa kama mvuke.

Mvuke huo hubadilisha njia ya sumu kumfikia mmea. Jani hupokea zebaki ya hewani kupitia vitundu vyake vya kupumulia, kisha zebaki hiyo hubadilishwa ndani ya jani kuwa ioni. Kwa hiyo mhogo ulio jirani na mahali pa kuchomea unaweza kuathirika kutoka juu hata kama udongo wake ni safi. Uchunguzi unaopima udongo pekee hauwezi kuuona mlango huo.

5.0 Rwamagasa: Kilichopimwa na Kilichoachwa

Kuanzia mwaka 2002 hadi 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilitekeleza mradi wa zebaki katika nchi sita: Brazili, Indonesia, Laos, Sudani, Tanzania na Zimbabwe. Eneo lililochaguliwa Tanzania lilikuwa Rwamagasa, wilayani Geita. Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza ilishiriki katika tathmini iliyochunguza mashapo ya mito, marudio, udongo wa mashamba, mazao, samaki na watu. Ni mojawapo ya tathmini kamili zaidi zilizowahi kufanywa katika ukanda huu.

Matokeo yake yalikuwa na sura mbili. Zebaki nyingi ilionekana karibu na mahali pa kusaga na kuoshea, na mafuriko ya mto Isingile yalikuwa yamesambaza marudio katika ardhi ya bonde. Mazao mengi yaliyopimwa, kwa upande mwingine, yalikuwa na zebaki kidogo sana. Kwa mlaji hizo zilikuwa habari njema, na haifai kuzipuuza. Tatizo linaanza pale matokeo hayo yanaposomwa kama ushahidi kwamba mimea haikuathirika. Tathmini haikukusudia kulijibu swali hilo. Punje na jani la mboga vilichukuliwa kwa sababu ndivyo vinavyoliwa. Mzizi, mahali ambapo ioni nyingi hukamatwa na ambapo vimeng'enya hukutana nazo kwanza, haukuwa na sababu ya kuwa kiini cha uchunguzi wa chakula.

Sheria ilifuata mwelekeo huohuo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za ubora wa udongo za 2007 zinaweka ukomo wa metali kwa miligramu katika kilo ya udongo. Kipimo hicho kina faida: kinarudiwa kwa urahisi na kinatetewa mahakamani. Hata hivyo, kinahesabu metali yote kwa pamoja, iliyofungwa na iliyo huru. Hapa kosa la Bertrand linarudi kwa sura mpya. Yeye aliipata metali katika majivu akadhani ameijua kazi yake. Mkaguzi wa leo anaipata metali chini ya ukomo na anaweza kudhani hakuna kazi iliyoharibika.

6.0 Marudio, Sianidi na Majaruba

Hoja hiyo ingeweza kubaki ya kinadharia kama teknolojia isingebadilika. Imebadilika. Marudio ya zamani, ambayo bado yana dhahabu, sasa hununuliwa na kuchenjuliwa kwa sianidi katika matangi madogo. Njia ya sianidi, iliyobuniwa Uskoti mwaka 1887, hutoa dhahabu ambayo zebaki iliiacha. Lakini sianidi haichagui dhahabu peke yake. Huyeyusha pia shaba na zebaki iliyobaki katika marudio, na kuzifanya zisafiri na maji kwa urahisi zaidi. Wingi wa zebaki katika lundo la marudio unaweza kupungua huku zebaki inayoweza kuufikia mzizi ikiongezeka. Kipimo cha wingi kitasoma mabadiliko hayo kama nafuu.

Sianidi yenyewe hushika chuma na shaba ndani ya vimeng'enya vya upumuaji. Mhogo, zao kuu la chakula katika sehemu kubwa ya Geita, una uzoefu wake na kemikali hii: huhifadhi sianidi ikiwa imefungwa na sukari, kisha huiachia kwa msaada wa kimeng'enya pale seli zinapopondwa, na una vimeng'enya vya kuidhibiti inayozalishwa ndani. Uzoefu huo hauuhakikishii usalama dhidi ya maji yenye sianidi na metali kwa pamoja, kwa sababu vimeng'enya vya kujikinga navyo vinaweza kuzimwa na ioni hizohizo.

Hatari nyingine iko bondeni. Katika karne ya 20 kilimo cha mpunga kilienea katika itogolo na mbuga za Usukuma kwa kutumia majaruba, vishamba vyenye kingo za udongo zinazozuia maji ya mvua. Jaruba limewekwa kwenye pingili ya mnyororo wa Milne inayopokea kila kinachoshuka. Udongo wake, ukiwa chini ya maji, hukosa oksijeni, na bakteria wa mazingira hayo wanaweza kuigeuza ioni ya zebaki kuwa methili-zebaki. Tafiti za Wanshan, mkoa wa Guizhou nchini China, eneo la migodi ya kale ya zebaki, zimeonesha kwamba mpunga hukusanya methili-zebaki katika punje kuliko mazao ya nchi kavu. Wanshan si Geita, na wingi wa zebaki ya huko haulingani na wa huku. Lakini kanuni ya jaruba ni moja, na inatosha kuonesha kwamba matokeo yaliyopatikana kwa mahindi ya luseni hayapaswi kuhamishiwa kwa mpunga wa mbuga.

7.0 Jalada la Pili: Hifadhi Ardhi Shinyanga

Ipo historia nyingine ya mmea katika ukanda huu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ili kurejesha uoto uliopotea kutokana na ukataji wa miti, ufyekaji wa vichaka na ongezeko la mifugo. Mpango huo uliegemea ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ili yatumike wakati wa kiangazi. Hadi ulipofikia tamati mwaka 2004, mamia ya maelfu ya hekta yalikuwa yamerejeshewa uoto, na mwaka 2002 mpango ulitambuliwa kimataifa kwa Tuzo ya Ikweta.

Kwa HASHI, mmea ulikuwa mtenda kazi. Uliulizwa kama umeota, umeshika udongo, umerudisha naitrojeni, umetoa malisho na kuni. Huo ndio mtazamo unaokosekana katika majalada ya migodi, ambako mmea huulizwa tu kama umebeba sumu. Wataalamu wa misitu walijua kusoma utendaji wa mmea. Wataalamu wa madini walijua kusoma metali. Majalada yao yaliwekwa katika ofisi tofauti, ingawa yalihusu bonde moja na mara nyingine kaya moja yenye ngitili upande huu na mtoto mwaloni upande ule.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba swali la athari za ioni za metali katika vimeng'enya vya mimea ya ukanda wa dhahabu halikuchelewa kwa kukosa nadharia. Uhusiano wa metali na kimeng'enya ulidokezwa mwaka 1897, ukasahihishwa mwaka 1939, na ulinzi wa mmea ukaelezwa mwaka 1985, miaka 17 kabla ya mradi wa Rwamagasa kuanza. Swali lilichelewa kwa sababu uchunguzi uliandaliwa kumlinda mlaji na kutekeleza ukomo wa kisheria, na malengo hayo mawili hayakuhitaji kuufahamu mmea wenyewe.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na juhudi za kupunguza zebaki zinaendelea. Mafanikio yake yakipimwa kwa kilo za zebaki zisizotumika tu, zebaki iliyokwishamwagwa tangu miaka ya 1980, na ambayo sianidi inaisogeza sasa, itabaki nje ya hesabu. Vipimo vya utendaji wa ureasi au vya vimeng'enya vya kuondoa oksijeni kali katika mizizi si vigeni kwa maabara za vyuo vikuu vya nchini. Vinahitaji tahadhari, kwa kuwa baadhi ya vimeng'enya hupanda badala ya kushuka mmea unapotaabika, na ukame huweza kuleta dalili zinazofanana. Kwa hiyo vinapaswa kufanywa kwa kufuata mteremko mmoja, kutoka luseni hadi mbuga, na kwa kulinganisha bonde lenye marudio na bonde lisilo nayo katika msimu uleule wa mvua.

Kazi ya namna hiyo ingempa mkulima wa bonde la Isingile kitu ambacho miongo ya vipimo haijampa. Angeweza kuonesha, mbele ya ofisa kilimo au baraza la ardhi, iwapo shamba lake limechoka, limekosa mvua au limedhuriwa. Na madai yake yangesimama juu ya ushahidi uliotoka katika mizizi ya mazao yake mwenyewe.